Ikisiri Niliyoikata

Mwaka 2006 nilikuwa mpangaji kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji, mtaa wa nyuma kutoka River Road, Nairobi. Mbele yangu palikuwa na kompyuta moja, kando yangu meza ya kioo yenye taa chini yake, tuliyoitumia kukagua filamu kabla hazijachomwa kwenye sahani za alumini. Chumba cha pili mashine ya ofseti ilipiga tangu asubuhi mpaka jioni. Kazi nyingi zilikuwa kadi za harusi, vitabu vya stakabadhi, kalenda, na mabango ya mikutano ya injili. Mara mbili kwa mwaka lilikuja jarida la kitaaluma, na wiki hiyo nilihisi kama ninafanya kazi tofauti kabisa.

Jarida lile lilikuwa na kurasa 96. Namba hiyo haikutoka kwa msomi yeyote. Karatasi kubwa inayoingia kwenye mashine hubeba kurasa 8 upande huu na 8 upande wa pili. Ikunje mara tatu, utapata kijitabu cha kurasa 16, na vijitabu 6 vikishonwa pamoja ni 96. Ukigusa ukurasa wa 97 umeshaingia karatasi nyingine, sahani nyingine na muda mwingine wa mashine, na mteja atalipa.

Toleo ninalolisema lilikuwa na makala 7, zote za Kiingereza, na kila moja ilikuja na ikisiri, yaani muhtasari, ya Kiswahili ya nusu ukurasa. Nilipomaliza kupanga nikajikuta ukurasa wa 100. Nikabana nafasi kati ya mistari, nikapunguza pambizo, nikashusha herufi za tanbihi mpaka zikaanza kuumiza macho. Wapi! Nikampigia simu mhariri, ambaye sote tulimwita Profesa.

"Profesa, tumezidi kurasa nne."

Akanyamaza kidogo. Fedha za toleo zilikuwa zimeshapigiwa hesabu mpaka shilingi ya mwisho. "Toa zile za Kiswahili," akasema. "Wanaolisoma jarida hili wote wanajua Kiingereza."

Nikazitoa. Kazi hiyo haikufika hata dakika kumi. Kilichobaki kikaingia kwenye kurasa 96 vizuri sana, bila mstari kuning'inia, na nakumbuka nilifurahi. Sanduku zikapakiwa kwenye mkokoteni zikapelekwa chuoni. Miezi kadhaa baadaye nilipokwenda kuchukua malipo yetu, baadhi ya sanduku zilikuwa bado kwenye korido ya idara, hazijafunguliwa, na karani alikuwa ameweka birika la chai juu ya moja.

Jarida la kitaaluma lilianza kama barua. Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi kule London, alikuwa mtu wa kupokea barua kutoka kwa wasomi wa Ulaya nzima na kuzipeleka mbele. Machi 1665 akaanza kuchapisha yaliyomo katika barua hizo kwa jina la Philosophical Transactions, miezi miwili tu baada ya Wafaransa kutoa Journal des sçavans mjini Paris. Ndiyo maana hata leo makala ya kisayansi ina jina la mwandishi, anakotoka, na tarehe ambayo mhariri aliipokea. Ni bahasha ile ile. Ninalipenda jambo hili kwa sababu barua haiandikwi bila kumfikiria atakayeifungua. Huku kwetu mshairi Mwana Kupona, alipotunga wosia wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alianza kwa kumwita binti yake asogee karibu na wino na karatasi. Alijua anasema na nani, na utendi mzima umekaa mkao wa masikio ya binti yule. Sisi, pale River Road, tulikuwa tumebaki na bahasha na kumsahau anayepelekewa.

Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, na intaneti ya Nairobi ikabadilika. Kabla ya hapo, kutuma faili la jarida zima kutoka sayba ya mjini ilikuwa kazi ya mchana kutwa, na umeme ukipotea unaanza upya. Baada ya hapo majarida mengi yalihamia mtandaoni. Wengine waliingia African Journals Online, tovuti inayokusanya majarida ya Afrika, iliyokuwapo tangu 1998, wengine wakafungua tovuti zao kwa kutumia Open Journal Systems, programu ya bure ambayo mradi wa John Willinsky ulianza kuitoa kutoka Canada mwaka 2001. Jarida letu lilichukua njia hiyo ya pili. Wakati huo nilikuwa nimeshaondoka kiwandani na Profesa mwenyewe akanitafuta nimpangie tovuti.

Sasa hapakuwa na karatasi wala sahani. Ukurasa wa 97 ulikuwa bure, na wa 970 pia. Nami nilipakia kila makala kama ilivyokuwa, kurasa za A4, safu mbili, herufi za pointi 10, bila ikisiri ya Kiswahili. Profesa hakuniuliza na mimi sikumkumbusha. Sababu ya kukata ilikuwa imeondoka, ukataji ukabaki kama desturi. Hili ndilo linalonisumbua kuliko siku ile ya 2006, kwa maana siku ile angalau tulibanwa na kitu.

Jirani yangu mmoja pale Kayole ni mhudumu wa afya ya jamii. Ni mama wa makamo, mtu wa kuzunguka nyumba kwa nyumba na begi lake, anajua mtoto yupi amechanjwa na mzee yupi ameacha dawa za presha. Jioni moja alinikuta nje akaniuliza, "Kijana wangu, wewe si ndiye unatengeneza vile vitabu vya madaktari?"

Nikamjibu ndiyo, kwa kiasi fulani.

"Kuna watu walikuja hapa kupima maji. Walichota kwenye mtungi wangu, wakaandika kwenye daftari, wakanishukuru, wakaenda zao. Ni miaka miwili sasa. Walipata nini?"

Nilijua makala hiyo. Niliipanga mimi mwenyewe. Nilikumbuka hata jedwali lake la pili, kwa jinsi lilivyonitesa. Nikamtumia kiungo, naye akafungua palepale kwenye simu yake, bila kulipa chochote kwa sababu jarida letu liko wazi. Faili lilikuwa zito na bando lake lilikuwa dogo, tukasubiri. Ukurasa ukaja. Akauvuta kwa vidole viwili ili uonekane, maandishi yakatoka nje ya skrini, akawa anausukuma kushoto na kulia kila mstari, kama mtu anayechungulia chumba kupitia tundu la ufunguo.

Kiingereza chake ni kizuri, cha shule ya sekondari na cha semina nyingi. Alisoma safu ya kwanza kwa sauti, polepole, mpaka chini. Hapo akafanya jambo ambalo kila mtu hufanya kwenye simu: akaendelea kushuka. Akaingia ukurasa wa pili, wakati sentensi ilikuwa inaendelea juu kabisa, upande wa kulia, kwenye safu ya pili ya ukurasa ule ule. Kwa hiyo alisoma nusu ya sentensi kuhusu mitungi akaiunga na nusu ya sentensi kuhusu vibali vya utafiti. Akarudia. Akarudia tena. Kisha akaiweka simu chini kwenye mapaja akatabasamu kwa aibu.

"Kizungu kimenizidi," akasema.

Hakikumzidi. Ukurasa ulimpotosha, na aliyeupanga alikuwa ameketi naye kwenye benchi moja. Nilimweleza hivyo, lakini niliona wazi kwamba alidhani namfariji.

Tangu siku ile nimeiona aibu hiyo sehemu nyingi. Muuguzi anayesoma mwongozo kwenye simu ya mkononi katikati ya zamu, mwalimu anayetafuta jambo la kufundishia usiku, mwanafunzi ndani ya matatu ya kwenda Rongai. Kitu kikishindwa kusomeka, msomaji hujihukumu yeye. Hakuna anayesema kwamba jedwali lilipangwa vibaya. Kila mmoja anadhani akili yake haikufika.

Kwa anayetaka kujua hesabu yenyewe, ni rahisi. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Skrini ya simu ya kawaida ina upana wa kama milimita 70. Ukurasa mzima ukiingia humo unapungua mpaka theluthi moja, na herufi ya pointi 10 inakuwa pointi 3 na kidogo. Maandishi ya hivyo hata mwenye macho mazuri hawezi kuyasoma kwa starehe.

Mbona basi tumeng'ang'ania muundo huu? PDF, aina ya faili lile alilolifungua jirani yangu, ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 kwa kusudi moja, kwamba ukurasa uonekane vilevile kwenye mashine yoyote na utoke kwenye printa bila kubadilika. Kwa kazi hiyo ni nzuri mno, na mimi mchapaji nilishukuru ilipofika River Road, maana herufi ziliacha kubadilika njiani. Lakini wavuti ilikuwa imeshabuniwa na Tim Berners-Lee, aliyetoa pendekezo lake mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha wanafizikia karibu na Geneva, ili watafiti wapashane taarifa. Maandishi ya wavuti ni kama maji, yanafuata umbo la chombo. Ukiyatia kwenye skrini kubwa yanatanuka, ukiyatia kwenye simu yanajikunja. Yaani wasomi walitengenezewa maji, wakachagua kuyagandisha katika umbo la karatasi. Nadhani walifanya hivyo kwa sababu karatasi ndiyo iliyokuwa na heshima. Kamati ya kupandisha vyeo hutaka kuona namba ya ukurasa wa kuanzia na wa kuishia, na makala isiyo na safu mbili huonekana kama haijavaa suti.

Nilimwendea Profesa. Amestaafu ualimu lakini bado anahariri. Nilimsimulia habari ya jirani yangu neno kwa neno, akasikiliza hadi mwisho, akavua miwani. "Zile ikisiri," akasema, "bado unazo?" Sikuwa nazo. Kompyuta ya kiwandani ilishakufa zamani, na waandishi wawili kati ya wale saba wametangulia mbele ya haki.

Tulianza na makala ya maji. Kuitoa kwenye PDF na kuiweka kama ukurasa wa wavuti wa safu moja kulinichukua siku mbili, na muda mwingi uliliwa na majedwali. Kwenye karatasi jedwali la safu tisa linapendeza. Kwenye simu ni mateso. Nililigawa mara tatu, kila sehemu ikijibu swali moja. Mchoro wa mistari nao ulikuwa na aibu yake. Mwandishi aliuchora kwa nyekundu na kijani, sisi tukaupakia mweusi na mweupe, mistari yote miwili ikawa kijivu kile kile. Muda wote huo hakuna aliyelalamika, na sijui kama nifurahi au nihuzunike. Safari hii mstari mmoja niliuacha mzima na wa pili nikaukatakata, na majina nikayaandika mwisho wa mistari yenyewe badala ya kuyaficha kwenye kijisanduku pembeni.

Ikisiri ya Kiswahili ilikuwa kazi ngumu zaidi, nami nataka kuieleza vizuri kwa sababu watu hudhani ni suala la kutafsiri tu. Mtafiti aliyeandika makala, daktari wa falsafa mwenye subira kubwa, alituandikia rasimu sanifu kabisa. Nikaipeleka kwa jirani yangu. Alisoma akiwa na kalamu mkononi.

Kwenye "uchafuzi wa maji" alisimama. Akasema hapa mtaani ukisema hivyo watu watafikiri mto, viwanda, kampuni ya maji. Makala ilikuwa inazungumzia maji yaliyofika nyumbani yakiwa safi kisha yakaingia uchafu ndani ya mtungi, kwa mkono na kikombe. "Basi semeni hivyo," akatuambia. Kwenye "washiriki" akainua macho: "Washiriki ndio sisi?" Mtafiti, aliyekuwa kwenye simu akitusikiliza, akajibu kwa sauti ya chini kwamba ndiyo, mama, ndio nyinyi. Tukaandika "familia zilizotupokea".

Neno lililotugharimu zaidi lilikuwa lile la kitakwimu. Mwanatakwimu akisema tofauti ni ya maana, ana maana kwamba si rahisi itokee kwa bahati tu. Hasemi kwamba ni kubwa. Lakini Mswahili akisikia "tofauti yenye maana" anasikia "tofauti kubwa", na uamuzi wake nyumbani utategemea hilo. Tulizunguka na neno hilo karibu wiki moja. Mwisho tukaliacha, tukaandika sentensi mbili: moja ikisema tofauti haielekei kuwa ya bahati, ya pili ikitaja ukubwa wake kwa kuhesabu mitungi. Mtafiti alikiri kwamba sentensi hizo mbili zilikuwa wazi kuliko alichokiandika yeye kwa Kiingereza, na akaniomba ruhusa azitumie katika makala yake inayofuata. Nilimwelekeza kwa mwenye ruhusa, naye alikuwa jikoni akichuja chai.

Wenzangu wa fani hii wanapojadili uwazi wa elimu, mazungumzo yote huwa ya fedha, na siwalaumu. Tamko la Budapest la mwaka 2002 lilitaka matokeo ya utafiti yasomwe na yeyote bila malipo, na dunia imesogea sana upande huo. Ila kwingi mzigo umehama tu kutoka kwa msomaji kwenda kwa mwandishi. Nature, jarida maarufu la kisayansi, lilipotangaza mwaka 2020 njia ya kuchapisha makala iwe wazi, liliweka ada ya yuro 9,500 kwa makala moja. Mhadhiri msaidizi wa Nairobi akisoma namba hiyo anafunga kompyuta na kwenda kusahihisha mitihani. Wapo pia wachapishaji wanaovizia, wanaotuma barua pepe za sifa nyingi na kuchapisha chochote ndani ya siku tatu ilimradi umelipa. Nimewaona vijana wazuri wakipoteza kazi ya miaka humo. Majarida kama letu, yasiyomtoza msomaji wala mwandishi, yanaishi kwa kujitolea na kwa ruzuku ndogo za vyuo. Nayatetea kwa moyo wangu wote. Lakini makala yetu ya maji ilikuwa wazi na ya bure siku ile kwenye benchi, na bado mlango haukufunguka.

Ikisiri ilipokamilika, jirani yangu hakutaka kiungo. Alitaka picha moja na sauti. Kundi lao la WhatsApp la wahudumu wa afya lina watu wengi wanaosoma wakiwa njiani, na wengine hupendelea kusikiliza wakiosha vyombo. Alirekodi mwenyewe, dakika mbili na nusu, kuku wakisikika nyuma. Ilisambaa kuliko toleo lolote nililowahi kuchapa maishani.

Hapo nikaingiwa na hofu ya aina nyingine. Mwaka 2020, wakati wa korona, sote tuliona ujumbe ukizunguka mitaani bila jina wala tarehe, dawa za kila namna, na hakuna aliyejua pa kwenda kuuliza. Bahasha ya Oldenburg ilikuwa na kazi yake. Kwa hiyo picha ile niliipanga upya. Chini, kwa herufi za ukubwa ule ule wa maandishi mengine, nikaweka jina la mtafiti, mwezi na mwaka wa utafiti, na ile namba ya kudumu ya makala, DOI, ambayo haipotei hata tovuti ikihama. Na katika sauti jirani yangu alianza upya kwa kusema nani alipima, lini, na mitaa gani. Alisema inachosha kidogo kusikiliza. Nikamwomba avumilie, akavumilia.

Sasa kila makala mpya ya jarida letu ina ukurasa wa simu na ikisiri ya Kiswahili, na Profesa hapokei andiko lisilokuwa nayo. Zile za zamani tunazirudia taratibu, mbili au tatu kwa mwezi. Toleo la 2006 niliamua kulifanya mwenyewe. Kwa makala za wale wawili waliofariki, niliwatafuta wanafunzi wao waandike.

Wiki ya pili baada ya sauti ile kusambaa, jirani yangu alinitumia nyingine, ya mama mmoja wa kundi lao asiyenijua. Alikuwa anauliza swali. Alisema amesikiliza mara tatu, na amesikia kwamba maji yalipimwa asubuhi. Asubuhi, alisema, mtungi ndio kwanza umejazwa na watoto wako shuleni. Jioni ndipo mikono inapoingia. Kwa nini hawakuja jioni?

Nikampelekea mtafiti. Alikaa siku mbili bila kujibu, kisha akaandika: "Gari la mradi lilitakiwa kurudi chuoni kabla ya saa nane mchana."

Nilimuuliza kama naweza kuliweka swali hilo kwenye ukurasa wa makala, chini ya ikisiri, pamoja na jibu lake. Akasema niweke, na niandike tarehe.

Nimeliweka. Mwenye swali hakutaka jina lake litajwe, akataka tu iandikwe kwamba ni mmoja wa familia zilizowapokea.